Kwenda Shela, Lamu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wanaouliza habari za Shela ni wa aina mbili. Kuna walioona picha za nyumba nyeupe zenye bwawa la kuogelea wakaamua kwamba pale si pahali pao, na kuna waliokwisha kulipia chumba na sasa wanataka kujua watashinda wakifanya nini. Majibu haya ni ya wote.

Shela ni wapi hasa? Si ndiyo Lamu?

Iko kisiwa kimoja na mji wa Lamu, lakini ni pahali tofauti. Mji una soko, misikiti kila mtaa, gati linalopokea mizigo tangu alfajiri, na punda wasiokwisha. Huo ndio mji ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001. Shela iko kilomita tatu hivi kutoka hapo, kwenye pembe ya kusini-mashariki, pale mlango wa bahari unapopita kati ya Lamu na kisiwa cha Manda. Ni vichochoro vya mchanga, nyumba ndefu za mawe, na kimya.

Utajiri wake ni wa juzi. Hoteli ya Peponi ilifunguliwa ufukweni mwaka 1967, wakati kijiji kilikuwa cha wavuvi na mabaharia. Baadaye wageni, wengi wao kutoka Ulaya, wakaanza kununua magofu na kuyainua upya, na bei ya ardhi ikapanda nayo. Leo utakuta nyumba ya kukodi kwa pesa za kutisha imepakana ukuta na nyumba ambayo bibi anakaanga mahamri ya kuuza asubuhi. Ukipita bila kumsalimu huyo bibi, Shela hujaiona.

Nitafikaje?

Kwa ndege, utashuka Manda. Kisiwa cha Lamu hakina kiwanja chake. Kutoka Nairobi ni kama saa moja na kitu angani, kisha unatembea hatua chache hadi gatini na kupanda boti. Hoteli nyingi hutuma boti ya kuwapokea wageni. Kama yako haitumi, patana nauli na nahodha kabla begi lako halijaingia chomboni, kwa sababu likishaingia, mazungumzo yamekwisha.

Kwa barabara, basi la Mombasa hupita Malindi, Garsen na Witu hadi Mokowe, na safari hiyo hula mchana wote. Lami sasa inafika, kwa hiyo lile vumbi la Garsen limebaki hadithi. Mokowe unapanda boti hadi Lamu mjini, halafu nyingine hadi Shela.

Wanaotoka Tanzania, Uganda, Rwanda au Burundi: raia wa nchi hizi za Jumuiya ya Afrika Mashariki hawahitaji ile idhini ya kielektroniki ambayo Kenya ilianza kuitoza wageni Januari 2024. Kutoka Dar au Tanga, vuka mpaka wa Horohoro, ulale Mombasa, uendelee kesho yake. Kulazimisha kufika Lamu siku hiyohiyo ni kujitesa bure.

Usalama ukoje? Niambie ukweli.

Kaunti ya Lamu inapakana na Somalia, na hilo halifichiki. Oktoba 2011 mwanamke Mfaransa alitekwa usiku nyumbani kwake Manda, ng'ambo ya Shela, akafia mikononi mwa waliomteka. Juni 2014 makumi ya watu waliuawa Mpeketoni, upande wa bara. Baada ya hapo ulinzi wa visiwa uliongezwa sana, na mashambulizi yaliyofuata yamekuwa zaidi bara, kwenye barabara na vijiji vilivyo karibu na msitu wa Boni.

Kwa hiyo tenganisha maswali mawili: hali ya Shela yenyewe na hali ya njia ya kufikia. Mwenye uwezo wa ndege apande ndege. Mwenye kupita barabara asafiri mchana, kwa basi la kampuni inayojulikana, na asikilize habari za wiki hiyo kabla ya kukata tiketi. Shela yenyewe, kinachokukuta zaidi ni wizi mdogo pwani. Ule ufuo mrefu usiutembee peke yako mbali na kijiji ukiwa na simu na kamera mkononi, na jioni rudi mapema.

Kwa nini kila ninayemuuliza jambo anajibu "inategemea maji"?

Kwa sababu inategemea. Hili ndilo jibu refu zaidi katika ukurasa huu, na ukilishika vizuri mengine yote utayapanga mwenyewe.

Bahari ya huku hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi kuliko jana. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Katikati ya hizo ni maji mafu, tofauti inapungua. Sasa sikiliza faida yake. Siku za bamvua maji hupwa karibu saa nne au saa tano asubuhi, na hujaa karibu saa kumi au kumi na moja jioni. Siku za maji mafu mambo hugeuka: maji hujaa kabla ya adhuhuri. Ukitazama mwezi tu, kabla hujaondoka nyumbani, unajua asubuhi zako zitakuwaje.

Njia ya miguu ya kutoka Shela hadi mjini inafuata maji. Yakiwa yamepwa ni matembezi ya dakika arobaini hivi, mkono mmoja majumba, mkono mmoja boti zilizolala ubavu. Yakijaa wakati wa bamvua kuna sehemu mawimbi yanagonga ukuta, nawe utavua viatu au ungoje. Ufuo mkubwa nao unataka maji yaliyopwa: mchanga ulioachwa na bahari ni mgumu na unatembelewa vizuri, ilhali wa juu unameza mguu hadi kifundoni. Takwa, gofu la mji wa kale kisiwani Manda, inataka maji yaliyojaa, kama utakavyoona chini. Kwa hiyo anayekuja na ratiba iliyochapishwa, saa mbili hivi, saa tano vile, atagombana na bahari kila siku na bahari itashinda.

Si lazima ubebe jedwali. Muulize nahodha yeyote aliyekaa pwani maji yanajaa saa ngapi, atakujibu bila kutazama saa.

Wapi nisimame nione mandhari?

Pa kwanza ni milima ya mchanga nyuma ya kijiji, na hapo hapalipiwi chochote. Pita vichochoroni ukipanda kuelekea kusini hadi nyumba ziishe, kisha endelea na mchanga. Juu yake unaona dari zote za Shela, mlango wa bahari na vyombo vinavyopita, Manda upande wa pili, bahari kuu ikiwa wazi, na nyuma yako minazi ya kisiwa. Jua hutoka upande wa Manda na bahari, na huzama nyuma ya minazi, kwa hiyo mlima mmoja unakupa yote mawili. Mimi napendelea alfajiri. Jioni huwa na watu na chupa zao, na ifikapo saa tatu asubuhi mchanga unaunguza nyayo.

Panda, lakini usishuke kwa kuteleza juu ya majani, wala using'oe vichaka. Mchanga ule hunywa mvua na kuihifadhi chini, maji matamu yakielea juu ya maji chumvi, na visima vya eneo hilo ndivyo vinavyonywesha mji wa Lamu. Ukiondoa majani mchanga unahama. Ukijenga juu yake, visima vinaingiwa na chumvi au uchafu. Ndiyo maana kila mara mtu anapotaka kujenga kule, wenyeji hupiga kelele, na wana haki. Takwa, ng'ambo, ni mji uliohamwa, na sababu inayotajwa zaidi ni visima vilivyogeuka chumvi.

Pa pili ni dari ya nyumba uliyofikia. Nyumba nyingi za Shela zina ghorofa mbili au tatu na dari iliyoezekwa makuti, wazi pande zote kwa ajili ya upepo. Unapochagua chumba, uliza kuhusu dari kabla ya kuuliza kuhusu kitanda.

Pa tatu ni juu ya Ngome ya Lamu, mjini. Ilikamilika karibu mwaka 1821, ikatumika kama gereza hadi 1984, na sasa iko chini ya Makumbusho ya Taifa. Kutoka juu unaona uwanja wa soko na mapaa ya mji yalivyobanana, na unaelewa kwa nini vichochoro vina kivuli mchana kutwa.

Pa nne ni kwenye chombo. Panda mashua saa kumi na moja jioni, uzunguke kati ya Manda na Lamu, uitazame Shela kutoka majini. Wengi huona hapo kwa mara ya kwanza jinsi kijiji kilivyo kidogo na mchanga ulivyo mkubwa.

Ni kweli kuna mifupa ya watu kwenye mchanga?

Ndivyo wazee wanavyosimulia, kwamba upepo mkali ulikuwa ukiifunua. Habari yenyewe ni ya vita vya Shela, vilivyopiganwa karibu 1812 au 1813. Mazrui, ukoo uliotawala Mombasa, na wenzao wa kisiwa cha Pate walikuja kwa vyombo kuitiisha Lamu, wakateremka Shela. Watu wa Lamu, Zahidi Mngumi akiwa miongoni mwa viongozi wao, waliwarudisha nyuma hadi pwani. Inasimuliwa kwamba walipokimbilia vyombo vyao walivikuta vimekwama: maji yalikuwa yamepwa. Wakauawa wengi hapo hapo mchangani.

Ushindi huo uliigeuza pwani nzima. Lamu, kwa kuhofia kulipiziwa kisasi, iliomba ulinzi wa Sayyid Said bin Sultan wa Oman, na huo ukawa mlango wake wa kuingia Mombasa na hatimaye kuhamia Unguja. Mtu wa Zanzibar anayekuja kutalii Shela anatembea mahali historia ya kwao ilipopinda.

Ule mnara mweupe unaoonekana kutoka majini ni nini?

Ni wa Msikiti wa Ijumaa, uliojengwa 1829. Umbo lake la koni halifanani na minara mingi ya pwani, na mabaharia huutumia kama alama. Asiye Mwislamu asiingie bila kukaribishwa, na hata Mwislamu mgeni haendi pale kupiga picha watu wakiswali. Kutoka nje unauona vya kutosha.

Takwa inastahili safari?

Inastahili, ila kwa masharti ya maji. Takwa ni gofu la mji ulio kusini mwa Manda, uliokaliwa kati ya karne ya 15 na ya 17. Unafikiwa kwa mkono wa bahari unaopita katikati ya mikoko, na njia hiyo hupitika maji yakiwa yamejaa tu. Ukichelewa kurudi, chombo kinakaa kwenye tope nawe unakaa nacho.

Ndani kuna msikiti mkuu wenye nguzo juu ya kibla, mabaki ya ukuta wa mji, na nje yake kaburi la nguzo lenye maandishi ya mwaka 1094 wa Hijria, yaani karibu 1682 au 1683. Watu wa Takwa walipohama, wengi walivuka kuja Shela, na wajukuu wao huvuka tena hadi leo kwenda kuomba mvua kwenye kaburi hilo. Kwa hiyo pale si mahali pa kukalia makaburi ukipiga picha za kujionyesha. Chukua nahodha wa Shela, atakusimulia kama habari za babu zake, maana ndizo.

Vaa viatu vya kufunga na ubebe maji ya kunywa. Kivuli kipo cha mibuyu, duka hakuna.

Naweza kuogelea popote?

Hapana. Pale mbele ya kijiji, kwenye mlango wa bahari, maji yana kina na mkondo wake ni wa nguvu, hasa yanapopwa wakati wa bamvua, yanavuta kuelekea bahari kuu. Wanaojua kuogelea ndio wanaojiamini kupita kiasi. Oga ukisogea kusini, ufuo unapoanza kupinda, na ubaki pale unapofika chini kwa miguu. Ufuo una urefu wa kilomita 12 hivi, na baada ya nyumba za mwisho hakuna kivuli, hakuna maji ya kunywa, hakuna mwokoaji. Wakati wa kusi, upepo wa kusini, mawimbi ya upande wa bahari kuu hupiga kwa nguvu, si ya watoto.

Niende miezi gani?

Desemba hadi Machi ni kaskazi: joto, bahari tulivu, na bei juu kabisa kati ya Krismasi na mwaka mpya. Julai hadi Oktoba kusi inapoza hewa, na huo ndio wakati ninaoupenda. Aprili hadi Juni ni masika, na hoteli kadhaa hufunga Mei. Ukitaka Lamu iliyojaa, njoo wakati wa Maulidi, mwezi wa Mfungo Sita, wageni wanapomiminika Msikiti wa Riyadha mjini. Kitanda ukitafute miezi kabla. Ukija Ramadhani, fahamu kwamba migahawa ya kijiji hufungwa mchana, lakini baada ya magharibi kuna kaimati, sambusa na tende hadi usiku.

Lazima niwe tajiri?

Kulala ndiko ghali. Hoteli za ufukweni na nyumba nzima zenye wapishi ni za wenye nazo, au za marafiki wanane wanaochanga. Hata hivyo nyuma ya msikiti kuna nyumba za wageni za wenyeji, chumba safi na chandarua, kwa bei ya kawaida. Miezi ya masika hata wakubwa hupunguza ukiomba.

Njia nyingine ni kulala mjini na kuja Shela mchana. Nenda kwa miguu maji yakiwa yamepwa, rudi kwa boti ya abiria, ambayo kila mtu hulipa kiti chake; boti ya kukodi peke yako ni bei nyingine kabisa, na usiku hupanda tena. Mlima wa mchanga, ufuo na vichochoro havina tiketi.

Kuna chakula gani?

Asubuhi mahamri na mbaazi za nazi. Mchana samaki wa kupaka, wali wa nazi, pweza akipatikana. Kamba na kaa hupikwa hotelini kwa bei ya kigeni, ilhali mvuvi akikuuzia mwenyewe na mwenye nyumba akakupikia, utakula vizuri zaidi kwa pesa kidogo. Maji ya ndimu na ya ukwaju yapo kila mahali. Kwa mkate wa mofa na viazi karai, nenda mjini jioni.

Na pombe?

Hoteli chache huuza. Kijiji ni cha Kiislamu. Usitembee na chupa vichochoroni.

Nivae nini?

Nguo za kuogelea ni za ufuoni na bwawani tu. Ukiingia kijijini funika mabega na magoti, mwanamume kwa mwanamke. Leso au kikoi kimoja begani kinamaliza tatizo. Na toa salamu kwanza, ndipo uulize njia. Usimpige mtu picha kabla hujamwomba, hasa akina mama wenye buibui.

Kwa nini vyumba vya nyumba za zamani ni vyembamba hivyo?

Kwa sababu ya boriti. Kuta ni za mawe ya tumbawe na chokaa, dari inabebwa na boriti za mikoko, na boriti haizidi urefu wake wa asili. Chumba kinaweza kurefuka upendavyo, lakini upana wake ni ule unaofikiwa na mti, karibu mita mbili na nusu hadi tatu. Ukikodi nyumba ya zamani, usishangae sebule yako ikiwa kama ujia. Tazama zidaka ukutani, na daka la mbele lenye viti vya mawe pande mbili, ambapo mgeni hukaa kabla ya kukaribishwa ndani.

Magari, pesa, hospitali?

Gari hutalihitaji, mizigo hubebwa kwa mkokoteni au punda. Pikipiki zimeingia kisiwani na zina ugomvi wake, lakini vichochoro vya Shela haviziwezi. Benki na mashine za pesa ziko mjini. M-Pesa inakubaliwa hadi kwa muuza madafu. Hospitali ya King Fahd iko upande wa mji, na usiku utaifikia kwa boti, kwa hiyo weka namba ya nahodha mmoja kwenye simu tangu siku ya kwanza. Malaria ipo; lala ndani ya chandarua.

Mama yangu ana shida ya magoti. Aje?

Aje, ila chagua nyumba yenye chumba cha chini. Ngazi za Shela ni za mawe, zimesimama wima, na nyingi hazina pa kushika. Kushuka botini nako ni kazi maji yakiwa yamepwa. Mwambieni nahodha mapema asogee mahali panapofaa. Milima ya mchanga aiache, akae darini, huko upepo na mandhari ni vilevile.

Naweza kurusha droni?

Kenya hairuhusu bila kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga, na Lamu ni kaunti yenye wanajeshi na kiwanja cha ndege ng'ambo tu ya maji. Iache nyumbani.